Safu Iliyoinamia Kushoto

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeipanga mifupa ya mwanadamu katika tumbo la mamaye bila mkono wa yeyote kumsaidia, kisha akaivika nyama na kuipa kazi ya kumbeba mtu umri wake wote. Mgongo aliotaka unyooke umenyooka, na aliotaka upinde umepinda, na katika yote mawili hakukosea. Namshukuru kwa umri, kwa macho ambayo bado yananiwezesha kuandika, na kwa kikombe cha chai ya tangawizi kilicho mbele yangu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake na wote waliomfuata kwa wema.

Naishi Bungoma mjini, karibu na msikiti, katika nyumba aliyoijenga baba yangu. Baba alikuja huku akifuata reli na biashara. Mama alikuwa wa hapa hapa, akasilimu alipoolewa. Tangu ujana wangu nimewafundisha wanawake na wasichana kusoma Qur'ani na kusali, katika chumba cha wanawake kilicho ubavuni mwa msikiti. Msichana huja kwangu hajui hata kutawadha, na huondoka akiwa anaweza kusimamisha sala peke yake. Njia yangu ya kufundisha ni ile niliyofundishwa mimi. Mwalimu husimama mbele, huwapa wanafunzi mgongo, husali polepole, nao hufuata. Kueleza huja baadaye. Kwanza mwili ujifunze.

Na mgongo wangu ndio huu. Ukinitazama kwa nyuma utaona bega la kulia limepanda na la kushoto limeshuka, na chini ya bega la kulia mbavu zimejitokeza kana kwamba nimeficha bakuli ndani ya nguo. Ulianza kupinda nikiwa msichana, ukazidi nilipokuwa nikirefuka, ukatulia nilipokoma kurefuka. Siku hizo mtoto hakupelekwa hospitali kwa jambo lisilokuwa homa au kuvunjika. Shuleni waliniita kibiongo. Mama alinishonea magauni mapana, akaniambia nisisimame mbele ya dirisha. Nilipata mume mwema, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kuutaja mgongo wangu ila kuuliza kama nataka mto. Nikazaa, nikalea, nikafundisha. Nikiulizwa hali nilijibu Alhamdulillahi, na mpaka leo najibu hivyo hivyo.

Katika Ramadhani moja ya hivi karibuni alitutembelea mwanamke kutoka Kitale. Ni binti wa rafiki yangu wa zamani, na kazi yake ni kuwafanyisha mazoezi watu waliovunjika, waliopooza na wanaoumwa na viungo. Tulizoea baadaye kumwita mama wa mazoezi, nami nitamwita hivyo hapa. Siku hiyo alikuwa na udhuru wetu wanawake, hakuwa akisali. Kwa hiyo aliketi nyuma, ameegemea ukuta, sisi tukapanga safu kwa sala ya Alasiri. Mimi nilisimama katikati ya safu ya kwanza, kama anavyosimama mwanamke anayewaongoza wenzake.

Tulipotoa salamu nikageuka, nikamwona amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mabega yanatikisika. Nikamuuliza ameona nini.

"Mama, usinikasirikie," alisema. "Mlipoinama kurukuu mmelala wote upande wa kushoto. Wote, bana, kama mahindi yaliyopigwa na upepo wa mlimani."

Wanawake wakatazamana. Akamnyooshea kidole mke wa mwenye duka la nafaka, mwanamke mwenye mgongo ulionyooka kama ubao, akamwuliza kwa nini yeye anashusha bega la kushoto anaporukuu. Mke wa mwenye duka akajibu kwa mshangao wa kweli kwamba ndivyo rukuu ilivyo, na kwamba ilimchukua muda mrefu kuipata sawasawa. "Si ndivyo Mwalimu anavyofanya?"

Nakumbuka kicheko kilichofuata. Tulicheka mpaka walioko upande wa wanaume wakakohoa kutukumbusha tulipo. Mama mmoja mzee alikiri kwamba kiuno humuuma kila anapolazimisha lile bega kushuka, na amekuwa akivumilia kwa kutaraji thawabu. Kumbe miaka yote hiyo nilipokuwa nikiwafundisha sala, walikuwa wakijifunza na mgongo wangu pamoja nayo. Niliwaambia sala zao zimepokewa kwa rehema za Mungu, ila kuanzia siku hiyo kila mmoja ainame kwa mgongo wake mwenyewe, wangu waniachie.

Wasichana walikuwa bado wanachekana. Mama wa mazoezi akawaambia waje mbele mmoja mmoja, wainame kama kwenye rukuu, kisha wajinyooshe mgongo uwe kama meza. Ulikuwa mchezo. Wa kwanza akainamia kushoto kwa mazoea, akaambiwa anyooke, akanyooka. Wa pili akanyooka. Wa tatu akapepesuka, akanyooka. Wa mwisho alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa gredi ya saba na alikuwa akirefuka kila nguo ikimfupia.

"Nyooka basi," akaambiwa.

"Nimenyooka."

Hakuwa amenyooka. Upande wa kulia wa mgongo wake ulikuwa juu kuliko wa kushoto. Wenzake wakapiga kelele kwamba huyu amemwiga nyanya yake mpaka amempita. Mama wa mazoezi hakucheka tena. Aliweka kiganja juu ya mbavu za mtoto, akakitelezesha polepole toka shingoni hadi kiunoni, akamwuliza kwa sauti ya chini kama amekwisha kuanza kuona damu. Mtoto akasema ameanza majuzi. Kisha mama wa mazoezi akaniita kando, mlangoni penye viatu.

"Hawa wengine wamekuiga, Mama," aliniambia. "Huyu hajakuiga."

Sote tulikuwa tumeuona mgongo ule. Mama yake aliuona akimwona anasali, mimi niliuona kila jioni, shangazi zake waliuona, na kila mmoja alidhani anaona heshima ya mtoto kwa mafunzo ya nyanya yake.

Baada ya Idi tulimpeleka hospitali Kitale, mimi na mama yake. Wakampiga picha. Daktari alitueleza kwamba maradhi haya yanaitwa skoliosisi, kwamba mara nyingi hayana sababu inayojulikana, kwamba si laana wala si kubeba maji wala si kulala vibaya. Uti wa mtoto umepinda kiasi cha kati. Haujafika pa kupasuliwa, lakini mifupa yake bado inakua, na unaweza kuongezeka upesi katika kipindi hicho. Dawa ni mazoezi kila siku na koti gumu la plastiki, lililotengenezwa kwa umbo la mwili wake, ambalo atalivaa usiku na sehemu kubwa ya mchana mpaka akome kukua.

"Koti halitaunyoosha," daktari alisema. "Likivaliwa, huenda likauzuia usizidi."

Basi mambo yalikuwa wazi. Akilivaa, huenda mgongo ukabaki ulipo. Asipolivaa, huenda ukafuata njia ya wangu, na wangu ulikwenda mbali.

Koti lilipokuwa tayari tulilileta nyumbani. Lilikuwa jeupe, gumu kama ndoo, lenye mikanda mitatu nyuma. Mjukuu wangu alilivaa usiku mmoja. Siku ya pili alisema limembana. Ya tatu alisema lina joto. Baada ya hapo tulilikuta chini ya kitanda, limefunikwa na mkeka. Mama yake, ambaye anauza sweta za mitumba sokoni na hurudi amechoka, alimfokea, akamwomba, akamuahidi viatu, mwisho akanyamaza. Jioni moja alikuja kukaa nami jikoni, akasema kile alichokuwa nacho moyoni.

"Lakini Mama, wewe je? Umeishi na huo mgongo. Umeolewa, umetuzaa sisi wote, umefundisha mji mzima. Hujavaa plastiki hata siku moja. Na sijawahi kukusikia ukilia."

Mtoto alikuwa mlangoni akisikiliza. Akaingia na neno lake. "Si ndiyo, Nyanya? Wewe uko sawa tu. Hata mimi nitakuwa sawa kama wewe."

Usiku ule nilifikiri sana. Maisha yangu yote nimejaribu kuuvumilia mwili wangu kwa shukrani na kutowachosha watu kwa malalamiko. Niliona hiyo ni adabu mbele ya Mungu, na bado naona hivyo. Lakini sasa shukrani yangu ilikuwa imegeuka ushahidi mikononi mwa mtoto, kwamba mgongo uliopinda hauumi. Mwili ni amana. Mtu anaweza kuridhika na alichopewa, na bado akawajibika kukitunza, na kumfundisha anayemfuata namna ya kukitunza. Nilikuwa nimefundisha ridhaa peke yake.

Likizo ilipofika nikamwomba mama yake aniachie mtoto alale chumbani kwangu. Nikamwambia mtoto kwamba hatutazungumzia koti. Kazi yake ni kuwa karibu nami tangu alfajiri na kutazama.

Akatazama. Aliona kwamba siinuki kitandani kama watu wengine. Kwanza nageukia ubavu, nashusha miguu, najisukuma kwa mkono, nakaa kidogo mpaka mgongo ukubali, ndipo nasimama. Aliona ndoo yangu ya kuoga ni ndogo, nami naijaza mara mbili badala ya kuinua kubwa mara moja. Nikienda sokoni nabeba vikapu viwili vya uzito sawa, kimoja kila mkono, hata kama vitu vyote vingeenea katika kimoja. Nikikaa kupika naweka leso iliyokunjwa chini ya paja la kushoto. Nikifua, nafua nguo chache, nasimama, nanyoosha mikono, narudi. Na baada ya Adhuhuri nalala chali sakafuni juu ya mkeka, magoti juu, chupa ya maji moto chini ya kiuno, tasbihi mkononi.

Hapo ndipo aliposhangaa zaidi. Nyumba nzima, tangu mama yake akiwa mtoto, walijua kwamba saa hiyo nyanya anafanya dhikri na asisumbuliwe. Watoto walifundishwa kupita kwa kunyata.

"Nyanya, kumbe ni mgongo?"

Nikamwambia ni yote mawili. Dhikri naileta kweli, na mgongo naupumzisha kweli. Akakaa sakafuni kando yangu akifikiri. Nilikuwa nimeinua shati kidogo kwa ajili ya chupa, akaona ngozi ya ubavu wa kulia ilivyokuwa nyeusi kwa kuegemea mito ya miaka mingi.

"Kwa hivyo unaumwa kila siku?"

"Si kila siku. Siku nyingi."

"Na mbona watu wakikuuliza unasema Alhamdulillahi?"

"Kwa sababu hiyo pia ni kweli."

Nikamweleza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba nikipanda kilima pumzi hunipungukia kwa sababu mbavu zimelibana pafu. Kwamba mimba za mwisho nililala nimekaa. Kwamba kama ningekuwa msichana leo, na mtu akanionyesha jambo la kuzuia mgongo usifike hapa, ningelichukua na kumshukuru Mungu kwa hilo pia. Jioni alikwenda mwenyewe kwao, akarudi na koti ndani ya gunia la mahindi ili majirani wasilione, akaniomba nimfunge mikanda. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Mikono ya mzee. Likawa bado limelegea, tukamwita mama yake aje amalizie.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo mambo yakawa mepesi. Shule ilipofunguliwa watoto waligundua koti siku ya kwanza, mmoja alipomgonga mgongoni na ngumi ikalia kama inagonga mlango. Wakawa wanabisha hodi. Kila mpita njia, hodi hodi. Alirudi nyumbani amekasirika, akasema kesho haendi nalo. Mama yake alinipigia simu, nami nikampigia mama wa mazoezi. Akatuambia tumlete Kitale Jumamosi, si hospitalini bali kwa fundi wa nguo.

Fundi huyo ana duka karibu na soko, na nyuma ya duka ana chumba anachokatia vitambaa. Jumamosi alasiri husogeza meza ukutani, hutandika mikeka, na wanawake wenye migongo kama yetu hukutana humo na mama wa mazoezi. Fundi ni Mkristo, mnene, mwenye kicheko cha kusikika barabarani, na uti wake umepinda kama herufi ya S. Alitupokea mlangoni.

"Karibu kukhu, karibu," aliniambia, akinipa heshima ya bibi kwa lugha ya kwao. Kisha akamzunguka mjukuu wangu akimtazama kwa jicho la kazi. "Wewe ndiye umevaa tangi? Kuja nikuone. Nani amekushonea hii sketi? Imepanda huku, imeshuka huku. Si ati mgongo ndio mbaya, sketi ndiyo mbaya."

Akampima kabla hata hajakaa. Alitueleza kwamba kwa mwili kama wetu pindo hukatwa refu upande mmoja, na bega la chini huwekewa kitambaa cha ndani, na nguo ikivaliwa pindo hukaa sawa na ardhi. Miaka yote ya magauni mapana ya mama yangu, sikuwahi kujua kwamba nguo inaweza kufuata mgongo.

Mwanamke mwingine ninayemkumbuka siku ile ni mkulima kutoka Tongaren, mrefu, mkimya kwa uso lakini si kwa maneno. Alikuwa amelala kwa ubavu juu ya taulo iliyoviringishwa. Akamwuliza mtoto kwa nini amenuna. Mtoto akasema wanamgonga shuleni, wanasema hodi.

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nanyamaza."

"Unanyamaza aje, na wamebisha? Waambie, karibu, lakini mwenye nyumba ametoka." Akageuka upande wa pili kwa uangalifu. "Mimi walikuwa wananiita mwezi mchanga. Bwana yangu naye aliposikia hilo jina akadhani ni sifa ya uzuri. Nikamwacha na hiyo imani mpaka tukafunga ndoa."

"Huyu bwana yake si kipofu," fundi akasema. "Alikuwa anahesabu ng'ombe wa baba yake."

"Kwa ng'ombe wa baba yangu, hata wewe ungenioa."

Mtoto alicheka. Mama wa mazoezi akatupanga mikekani. Alitufundisha kuvuta pumzi na kuielekeza upande uliobonyea, kwetu sote wawili wa kushoto, mpaka mbavu zifunguke kidogo, kidogo tu. Alitufundisha kusimama mbele ya kioo, kuitazama miili yetu ilivyo na kuirekebisha polepole. Mimi sikuwa nimesimama mbele ya kioo kirefu tangu mama aliponikataza dirisha. Nilijiona. Nilikuwa mzee aliyepinda, mwenye uso ulioridhika, na kando yangu msichana aliyevaa fulana nyeupe ya pamba. Sikuona la kuficha.

Walitufundisha pia mambo madogo ambayo hospitali haina muda nayo. Fulana ya ndani ya koti isiwe na mshono ubavuni. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe vizuri, kisha iachwe hivyo. Hapo nikasema kwamba kila jioni nampaka mafuta ya habasoda niliyoyasomea dua. Wote wakageuka kunitazama, maana ngozi ikilainika kwa mafuta koti huichubua, na kweli mtoto alikuwa na wekundu kiunoni.

"Kukhu, dua iache kwa mgongo," fundi alisema. "Mafuta peleka kwa miguu."

Nimefanya hivyo mpaka leo.

Tukawa tunakwenda. Si kila Jumamosi, maana kuna mvua na kuna vilio na kuna siku mwili hautaki safari, lakini mara nyingi. Tulipita mashamba ya mahindi yakiwa machanga, tukayapita yakiwa yamekomaa, tukayapita yakivunwa. Mimi nilikwenda nikidhani nampeleka mtoto, lakini nilikuwa napata changu. Nililala vizuri zaidi. Nilianza kusema, mbele ya wanawake walionielewa, leo ubavu unauma, nao wakajibu tu, sogea huku, weka mto hapa, kisha tukaendelea na habari za bei ya mbegu. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kutaja maumivu na yakapita kama habari nyingine yoyote. Shukrani yangu haikupungua. Naona iliongezeka, kwa sababu sasa nilikuwa nashukuru kwa vitu vingi zaidi.

Shuleni watoto waliendelea kubisha hodi kwa muda. Mjukuu wangu akawajibu kama alivyofundishwa na yule mama wa Tongaren, na akaongeza yake ambayo hakuniambia. Baadaye walichoka, wakapata mtoto mwingine mwenye viatu vikubwa. Nilimwuliza kama yeye naye anamcheka huyo wa viatu. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Kulikuwa na siku mbaya. Siku za joto alilivua koti mapema, tukagombana. Kulikuwa na harusi ya binamu yake, alitaka kuvaa gauni la kubana, akalia alipokataliwa, na mama yake akalia naye. Usiku mwingine alisema hajali tena, na apinde tu. Hatukumjibu kwa mawaidha. Mama yake alikaa kando yake, akamsugua miguu mpaka usingizi ukamchukua, koti likiwa mwilini.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, daktari alitaka picha nyingine. Tulikwenda watatu tena. Asubuhi ile Kitale ilikuwa na baridi na ukungu, na mtoto alikuwa amevaa sweta mbili juu ya koti, akaonekana mpana kuliko mama yake. Kabla hajaingia kwenye chumba cha picha alilivua koti, akanipa nilishike. Lilikuwa bado na joto lake. Nilikaa nalo mapajani, nikisema moyoni kwamba chochote kitakachotoka mle ndani ni kutoka kwa Mungu, lakini nikamwomba, kwa unyenyekevu, anipe nilichokuwa nakitaka.

Daktari aliweka picha mbili ubavu kwa ubavu, ya zamani na ya sasa. Akapima kwa rula. Akapima tena. Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na mkono wake ulikuwa umeshika mtandio wangu.

"Haujaongezeka," daktari alisema. "Uko pale pale."

Mama yake akaketi chini, hivyo hivyo sakafuni, na muuguzi akakimbilia kumletea kiti. Daktari akaeleza kwamba mtoto amekaribia kukoma kurefuka, kwamba aendelee na koti kwa muda, kisha ataanza kulivaa usiku tu, kisha basi. Mazoezi ayafanye maisha yake yote.

"Kwa hivyo utabaki umepinda hivi?" mjukuu wangu akamwuliza.

"Utabaki hivi."

Aliitazama picha kwa muda. Nilimwogopea, maana mtoto anaweza kuvumilia mwaka mzima akitumaini kunyooka hata kama ameambiwa asitumaini. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kucheza netiboli. Daktari akasema anaruhusiwa, na afadhali acheze.

Tulipofika Bungoma tayari adhana ya Magharibi ilikuwa ikisikika. Alikwenda kuoga. Nilimsikia akimweleza mama yake nafasi anayotaka kucheza uwanjani, na kwamba kwa urefu wake hawana budi kumpa. Kisha sauti yake ikatoka chumbani, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mama, njoo univutie mikanda."

Hakuna aliyemkumbusha. Nilitandika mswala, nikaelekea Kibla, nikashuka taratibu kwa mkono na goti kama niwezavyo, nikasujudu sijida ya shukrani.

Wewe unayesoma, Mungu akutunzie mgongo wako, ulionyooka au uliopinda. Akujaalie watu wa kukuvutia mikanda pale mkono wako usipofika. Akupe ridhaa isiyokuziba mdomo, na subira isiyokuzuia kutafuta dawa. Kila mwanamke anayelala kwa ubavu mmoja leo kwa sababu wa pili unamuuma, Mungu ampe usingizi mtamu na asubuhi yenye wepesi. Amin.